Sikio la Kulia la Panya

"Rudia ulichosema," fundi alisema, na vidole vyake vikazidi kuzama kwenye shingo ya meneja wa maabara. "Rudia mbele ya hawa. Sema tena kaka yangu alikuwa mlevi."

Meneja hakuweza kurudia. Uso ulikuwa umemvimba, macho yamemtoka, na viatu vyake vya kung'aa vilikuwa vikitafuta sakafu bila kuipata. Nyuma ya mgongo wake rafu ya chupa ilitikisika. Moja ikaanguka ikapasuka, ya pili ikaifuata. Konstebo aliyeitwa Kabati, kwa sababu akisimama mlangoni hapiti hata inzi, alimkumbatia fundi kiunoni akavuta kwa nguvu zake zote. Alichofanikiwa ni kuwavuta wote wawili, aliyekaba na aliyekabwa.

Inspekta Kiberiti alikuwa amepiga magoti chumba cha pili, kando ya maiti. Jina hilo alipewa chuo cha polisi: mwembamba, mfupi, na kichwa kinachowaka ukikikwaruza mara moja. Aliinuka, akaja bila haraka, akamshika fundi kidole kidogo cha mkono wa kushoto akakikunja kinyume. Fundi akaguna, akaachia.

"Kidole kimoja," Inspekta alimwambia Kabati. "Ukivuta mtu mzima utachoka bure."

Meneja alijishikilia kwenye meza akikohoa. "Nilisema tu alikuwa akinywa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwamba huenda ameteleza akaanguka."

"Ameanguka, ndiyo," Inspekta alisema. "Mara tatu, kwa kisogo. Halafu akajigeuza akajikandamiza uso kwenye mwani mpaka ukamjaa kooni. Mlevi hodari sana huyo."

Kupitia mlango ulio wazi wote waliiona miguu ya kaka huyo, mkemia wa maabara, soksi moja imeteremka, ametandazwa kifudifudi juu ya lundo la mwani mkavu kwenye chumba cha kusagia. Fuvu lilikuwa limebonyea kama sufuria ya bati. Damu ilikuwa imenywewa na unga wa mwani ikawa tope zito, na pembeni yake ulikuwa mchi wa chuma wa kusagia, wenye urefu wa mkono, nywele zimenata kichwani mwake na mpini umefutwa ukasafika. Mwili ulionekana saa moja asubuhi ukiwa bado na joto. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Muuaji mnaye hapo," meneja alisema, akimwonyesha fundi kwa kidevu. "Jana jioni mlinzi alimsikia getini. Alimwambia marehemu, 'Nitakuvunja kichwa.' Maneno hayohayo. Na leo amekuja na damu kifuani."

Ni kweli shati la fundi lilikuwa na damu. Inspekta alimkazia macho. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Mtu na ndugu yake huambiana hivyo. Wewe huna ndugu?"

"Ninao wanne, na kila mmoja nimeahidi kumvunja kitu. Mlikuwa mnagombania nini?"

Fundi alijifuta kamasi kwa kiganja, akajiachia weusi wa moshi shavuni. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. "Mke wangu ana sukari. Ilikaribia kumtoa macho. Kaka mwenyewe ndiye aliyemleta hapa kwenye majaribio ya maji ya mwani, na sukari ikashuka kweli, siwezi kusema uongo. Jana ananipigia simu nije getini. Nakuja, ananiambia, 'Shemeji asinywe dawa ya kesho.' Namuuliza kwa nini. Anasema, 'Nitakuambia nikishahakikisha.' Nahakikishiwa nini? Mnampa mtu uhai halafu mnamnyang'anya kama pipi? Ndipo nikasema nitamvunja kichwa."

"Na hiyo damu?"

"Ya mlinzi wenu. Nimeambiwa kaka amekufa, nafika getini, ananiambia niandike jina kwenye daftari."

Inspekta alimtupia Kabati jicho. Kabati alitoka, akarudi baada ya dakika moja. "Pua ya mlinzi imekuwa kubwa kuliko uso wenyewe, afande. Ni yake."

"Hiyo haimwondoi," meneja alisema.

"Inama," Inspekta alimwambia meneja. Aliinama akishangaa, naye akamgeuza shingo kuelekea dirishani. Alama kumi nyeusi za vidole zilikuwa zimejipanga kwenye ukosi mweupe wa shati lake. "Mkono wa huyu ukigusa kitu unaacha masizi. Aliyemuua mkemia alimshika ukosi wa koti kwa nyuma akamkandamiza uso chini. Ukosi umekunjamana, umechanika kishikizo, na hauna hata nukta ya weusi. Fundi, kaa pale kwenye benchi la korido. Ukinyanyuka nitakuvunja kidole nilichokikunja."

Fundi akaenda kukaa.

"Sasa, meneja. Dawa ya leo ina nini?"

Meneja alijimiminia maji akanywa. Alieleza kwa kifupi, kwa maneno ya mtu aliyezoea kueleza wageni. Mwani ulisagwa, ukachemshwa, ukachujwa hadi kikabaki kiini chake. Kiini kilijaribiwa kwa panya kwanza, kisha kwa watu arobaini wenye sukari. Nusu ya watu walipewa kiini, nusu maji yaliyotiwa rangi na chumvi ya namna ile ile, na wenyewe hawakujua nani kapata nini. Kila kikombe kilikuwa na namba ubavuni. Miezi mitatu ya kipimo kidogo ilikuwa imepita vizuri. Leo saa sita mchana, kwenye ukumbi wa pili, wangenyweshwa kipimo kilichozidishwa mara mbili, kutoka kwenye mzigo mpya wa mwani wa kahawia.

"Nani ameruhusu kuzidisha?"

"Panya," meneja alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana ana uhakika. "Walianza kipimo kikubwa Ijumaa. Leo ni Jumanne, na wote wazima. Daktari wa majaribio ameniandikia taarifa jana."

"Aliyekufa alikuwa na taarifa gani?"

"Hakuniletea yoyote."

"Kwa sababu alikuwa bado anahakikisha," Inspekta alisema. "Nipelekeni kwa panya."

Chumba cha panya kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa chuma, harufu ya vumbi la mbao na mkojo. Vizimba vilipangwa ukutani kwa safu tatu. Daktari wa majaribio alikuwa tayari ndani, mrefu, koti jeupe limepigwa pasi, glavu za mpira mikononi. Alikuwa akiandika kwenye ubao wa klipu.

"Inspekta, pole na kazi," alisema. "Marehemu alikuwa rafiki yangu. Lakini naomba panya wasibughudhiwe. Kelele tu hupandisha mapigo yao ya moyo."

"Ya marehemu hayapandi tena. Hawa ni wangapi?"

"Thelathini. Kumi wa mwanzo wanapewa maji, kuanzia kumi na moja hadi thelathini wanapewa kiini." Alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. "Mwani, dada yangu, ni kama kitambaa cha deki. Hunyonya kilichomo majini, kizuri kwa kibaya. Madini ya kuutibu mwili unayapata humo, na sumu ya kuumaliza mwili unaipata humo humo. Ndiyo maana hatuamini maneno, tunaamini panya. Wahesabu."

Kabati aliwahesabu kwa kidole. Akawahesabu tena. "Thelathini, afande."

"Niitieni anayewalisha," Inspekta alisema.

Daktari aliacha kuandika. "Yule mama amepatwa na mshtuko. Ndiye aliyeuona mwili. Nilimpa dawa ya kumtuliza."

"Dawa zako ninazisikia leo kila mahali. Mleteni."

Waliyemwita Shangazi aliletwa akiwa ameshikwa mkono, mwanamke wa makamo mnene, kilemba kimelegea, macho mekundu. Kila mtu pale maabara, hata meneja aliyemzidi umri, alimwita hivyo. Miaka kumi na minne alikuwa ameosha vizimba, amekata masikio ya panya kuwatia namba, amezika waliokufa.

"Shangazi, ulikuwa zamu lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa mchana, mwanangu. Daktari akaniambia, Shangazi umechoka, kapumzike mpaka Jumanne. Miaka kumi na minne sijawahi kuambiwa nimechoka. Nikasema basi, leo jua limechomoza magharibi."

"Nani alikuwa akiwalisha?"

"Mimi," daktari alisema. "Na marehemu alikuja kuwaangalia jana."

"Shangazi, angalia watoto wako. Wote wapo?"

Shangazi alipita mbele ya vizimba akinong'ona namba. Alifika safu ya tatu akasimama. Akarudi hatua mbili. Alifungua kizimba cha ishirini na tatu, akaingiza mkono, panya akamng'ata, naye akautoa mkono akiutazama kama umemsaliti.

"Huyu hanijui," alisema. "Panya wangu haning'ati. Huyu ametoka kwenye kizimba cha akiba, kule hawashikwi na mtu." Alimkamata kwa ngozi ya shingo, akamgeuza uso umtazame. "Na ananiambia yeye ni thelathini na mbili."

"Mmesema mwisho ni thelathini," Inspekta alisema.

"Ni thelathini."

Shangazi aliwatoa mmoja mmoja. Kwenye kizimba cha kumi na mbili alikuta panya mwenye masikio ya ishirini na moja, na ishirini na moja halisi alikuwa kizimbani kwake, mzima. Cha kumi na tatu kilikuwa na thelathini na moja. Cha kumi na nne kilikuwa na arobaini na moja. Mikato ya panya wote wanne ilikuwa na gaga jekundu, haijapona.

"Nieleze mnavyosoma," Inspekta alisema.

Shangazi alionyesha karatasi ukutani, imefunikwa nailoni, imeandikwa kwa kalamu nene: Sikio la kushoto, makumi. Sikio la kulia, mamoja. "Mkato mmoja moja, mikato miwili mbili, tundu ni tano. Panya nikimshika hivi ananitazama, sikio lililoko mkono wangu wa kulia ndilo la kulia. Nimewafundisha wote hapa. Meneja nilimfundisha, marehemu nilimfundisha."

"Kwa hiyo panya wanne wamekufa, mtu akachukua wanne wa akiba akawakata masikio usiku au mchana usipokuwepo, idadi ikabaki thelathini. Lakini aliwakata kinyume. Kumi na mbili ikawa ishirini na moja."

"Ikawa hivyo," Shangazi alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Marehemu angeliona hili kwa jicho moja. Bila shaka ndilo alilokuja kuangalia alfajiri, mwanangu. Alitaka kuwaona kabla sijarudi kuwahamisha nikiosha vizimba."

Meneja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Huenda ni kosa la uandishi," alisema, bila mtu kumsikiliza.

Inspekta aliomba chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kalamu ya wino. Alimtia panya ndani, akaiweka mezani. "Meneja. Njoo weka nukta kwenye sikio lake la kulia."

Panya aliketi akiwatazama, pua ikichezacheza. Meneja aliingiza kalamu akagusa sikio lililokuwa upande wa mkono wake wa kulia. Inspekta akaifuta nukta kwa kidole.

"Daktari."

Daktari alitabasamu. "Huu ni mchezo wa watoto." Aliingiza kalamu akagusa sikio la upande mwingine. "Hili ndilo la kulia. Mgonjwa akikaa mbele yangu, kulia ni kulia kwake, si kwangu. Hufundishwa mwaka wa kwanza. Daktari akilikosea hilo, anakata mguu mzima na kuuacha ulioo..."

Hakumaliza. Alikuwa amewaona wote wakiitazama karatasi ya ukutani.

"Shangazi hakusoma udaktari," Inspekta alisema. "Kwake kulia ni kwa mkono wake. Watu wote wa hapa wamefundishwa naye. Wewe peke yako ulisoma karatasi. Vua glavu."

"Huna kibali."

"Panya wa akiba wanang'ata. Wanne umewashika, na kila mmoja umemkata masikio mawili. Vua glavu, daktari, nione una vidole vingapi vizima."

Daktari alianza kuivua ya kushoto, taratibu, kidole kwa kidole. Plasta ilionekana kwenye kidole gumba, na juu ya kifundo cha mkono mikwaruzo mirefu, ya kucha za mtu. Kisha akaikamata chupa ya kioo akampiga nayo Inspekta usoni.

Kioo kilipasukia kwenye paji la uso. Panya akaruka, Inspekta akaanguka nyuma juu ya vizimba, na safu nzima ikaporomoka naye. Kabati alivuka meza. Daktari alikuwa ameshaunyakua mkasi wa kukatia masikio, mfupi, mkali, na aliuzamisha begani mwa Kabati mara mbili, akauchomoa, akaupeleka mara ya tatu ukapita shavuni na kulifungua hadi kwenye meno. Kabati alinguruma lakini hakuiachia kola ya daktari aliyoikamata. Shangazi, ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia, alishusha mlango wa chuma wa kizimba juu ya mkono wa daktari wenye mkasi, uliokuwa umeegemea ukingoni. Mifupa ililia. Mkasi ukadondoka.

"Huyo wa kumi na mbili nilimlea kwa kijiko," Shangazi alisema, akaushusha tena.

Inspekta aliinuka damu ikimziba jicho moja. Hakutafuta bastola, chumba kilikuwa kidogo na watu wengi. Aliokota kigoda cha chuma akikishika miguu miwili, akakizungusha chini, kwenye goti la daktari. Daktari alianguka kama nguo iliyodondoka kambani. Pigo la pili lilimpata mbavuni.

Kelele zilimtoa fundi kwenye benchi. Aliingia, akamwona daktari chini, akaona mikwaruzo ya mkononi, akaelewa bila kuelezwa. Alimkalia kifuani. Ngumi ya kwanza ilivunja pua, ya pili ikavunja meno ya mbele, na baada ya hapo hazikuwa zikivunja kitu kipya, zilikuwa zikiponda tu. Kabati alijaribu kumvuta kwa mkono mmoja mzima. Inspekta alijaribu kidole; safari hii fundi hakukisikia.

"Fundi," alisema sikioni mwake. "Mke wako yuko wapi?"

Ngumi ilisimama hewani.

"Yuko ukumbini," fundi alisema. "Nilimwambia asije, akasema aliyekufa alimwambia mambo mengi na si yote ya kweli. Yuko ukumbini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tano.

Inspekta alimfunga daktari pingu akiwa bado chini. "Panya walikufaje?"

Daktari alitema damu na jino. Alipozungumza alikuwa akicheka kidogo, povu jekundu likitoka puani. "Mzigo wa mwani haukuoshwa vizuri. Kitu kidogo. Ungeoshwa ungekuwa sawa. Miaka sita, unaelewa? Sukari inashuka, waulize wenyewe. Kesho nasimama mbele ya wenzangu na matokeo, na yule ananiletea panya wanne kwenye mfuko wa nailoni. Wanne."

"Vikombe gani ni vya kiini na vipi ni vya maji?"

"Orodha aliijua yeye na mimi." Aligonga pingu kwenye sakafu. "Yeye hasemi."

Walimwacha sakafuni wakakimbia. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya korido, milango miwili ya mbao, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu. Watu arobaini walikuwa wameketi, wake kwa waume, nguo safi, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi mkononi. Muuguzi alisimama mbele akitazama saa yake, kwa sababu ilibidi wote wanywe kwa pamoja saa sita kamili.

"Wekeni vikombe chini," Inspekta alisema. "Ni sumu."

Waligeuka wakamtazama. Walichokiona ni mwanamke mfupi, nusu ya uso imefunikwa damu, nywele zimejaa vumbi la mbao na kinyesi cha panya. Mwanamume mmoja kicheko kilimponyoka.

"Wewe ni nani?" aliuliza mwalimu mstaafu kwenye safu ya mbele, fimbo kati ya magoti. "Mimi sukari yangu ilikuwa ishirini na mbili. Sasa ni saba. Nilikuwa sioni kusoma, leo nasoma gazeti. Daktari wetu ndiye aliyefanya hayo. Wewe umefanya nini, zaidi ya kutoka damu?"

"Sema tena," wengine walisema. "Wanatunyang'anya dawa wakauze kwingine."

"Meneja, simamisha," Inspekta alisema.

Meneja alikuwa amefika mlangoni, shingo imevimba. Aliwatazama watu wale, akamtazama muuguzi. "Siwezi. Bila barua ya bodi, mimi siwezi."

Mke wa fundi alikuwa safu ya tatu, mwanamke mwembamba, macho yamezungukwa na weusi. Fundi alimwita kwa jina la mtoto wao. Hakugeuka. "Kaka yako alinileta, kaka yako akanikataza," alisema akitazama mbele. "Mimi ndiye nitakayepofuka, si ninyi." Aliinua kikombe kifuani.

Wanaume watatu walikuwa wameshasimama kati ya Inspekta na safu za viti. Ungehitaji askari thelathini kuvinyakua vikombe arobaini. Alikuwa na mmoja, naye shavu lake lilikuwa limefunguka.

Inspekta alimgeukia Kabati. "Mlete daktari."

"Afande," Kabati alisema, akishikilia shavu ili maneno yatoke. "Alivyo vile? Wakimwona, wakili wake atasema tulimtesa. Hakimu ataitupa kesi dirishani."

"Basi ataitupa. Mburute."

Kabati alimburuta kwa kola, goti likivutwa nyuma kama la mwanasesere. Ukumbi ulipiga kelele za kweli sasa. Mtu alirusha kiti. Inspekta alikipokea kwa mkono, hakusimama, akamfikia mwalimu mstaafu na kukitwaa kikombe chake kabla mzee hajajua. Ubavuni kiliandikwa tisa.

"Daktari wenu anasema ni dawa," aliwaambia. "Mgonjwa ni yeye leo. Anywe."

Alikisogeza kikombe kwenye midomo iliyopasuka. Daktari alishusha macho akaisoma namba. Kisha akafungua mdomo, akanywa hadi tone la mwisho, akalamba midomo.

"Mmeona?" aliwaambia watu.

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Mwalimu alisimama akiitikisa fimbo. Mtu alimsukuma Inspekta begani, mwingine akamvuta ukosi kwa nyuma, na vikombe vikaanza kupanda kuelekea midomoni. Inspekta aliirudisha fimbo ya mwalimu kifuani mwa mwenyewe, akapenya kwa mabega kati ya viti, akampiga mke wa fundi kofi mkononi, akakidaka kikombe hewani kikiwa kimemwagika nusu. Ishirini na sita. Alirudi nacho hadi mbele, akakileta usoni pa daktari, namba ikimtazama.

"Na hiki."

Daktari aliisoma. Akafunga mdomo.

"Kunywa. Ni dawa."

Aligeuza kichwa. Inspekta alimshika nywele akamrudisha, akakandamiza ukingo wa kikombe kwenye meno yaliyobaki. Daktari alitoa sauti ya puani, akarusha miguu yote miwili, pamoja na ule wenye goti lililovunjika, akakigonga kikombe kwa paji la uso. Maji ya kahawia yalimchirizikia kidevuni. Akatema. Akasugua midomo kwenye bega lake, akatema tena, akasugua tena mpaka damu mpya ikatoka, na hakuacha, ingawa hakuna aliyekuwa akimlazimisha tena.

Vikombe vilishushwa kutoka midomoni, kimoja baada ya kingine. Mke wa fundi aliitazama mikono yake iliyolowa, kisha akaanza kuifuta kwenye gauni, polepole, halafu haraka.

"Kabati, andika," Inspekta alisema. "Tisa, maji. Ishirini na sita, sumu." Alimgeukia mtu aliyekaa kiti kilichofuata akamnyooshea mkono, na yule mtu akampa kikombe chake bila kuombwa. "Ishirini na saba. Fungua mdomo, daktari."